Paipu Uliyounga Mara ya Mwisho

Wafula, rafiki yangu,

Bado niko pale pale Waiyaki Way, mkabala na soko la Kangemi. Malori bado yanasimama paipu za breki zikivuja upepo, breki zikiwa zimekamata, na mimi bado naingia chini. Watu wananipa pole, naitikia. Nakula nikipewa. Siku zinaenda hivyo.

Kazi imekuwa ya polepole, kwa sababu sina mtu wa kukanyaga breki nikiwa chini. Namwomba dereva, lakini madereva wanakanyaga wakati wanapotaka wao. Pia sina shavu lako. Mimi natumia povu la sabuni kama fundi yeyote. Wewe ulikuwa unalowesha shavu na kulisogeza kwenye paipu, kwa sababu kwa makelele ya barabara ile huwezi kusikia upepo ukitoka. Halafu unaenda kunywa chai uso ukiwa na grisi upande mmoja, na mama wa chai anakataa kukupa kikombe mpaka unawe.

Kwenu Webuye tulikuzika vizuri. Sikulia. Nilisimama na wanaume wengine, nikashika jembe zamu yangu ilipofika. Ndugu yako alinitazama sana. Nadhani alitegemea kitu kutoka kwangu.

Baada ya mazishi mkeo, Mama Linda, aliniuliza ulisema nini mwisho. Nilimwambia sikusikia vizuri. Lakini nilisikia, Wafula. Nilikuwa juu kwenye kiti cha lori la Mzee Salim, mguu kwenye breki, mvua inanyesha, na matawi tulikuwa tumeyatandaza barabarani kuonya magari, vile tunavyofanya siku zote. Uliita kutoka nyuma, "Imeshika. Kanyaga tena." Nikakanyaga. Pikapu ikateleza, ikapita juu ya matawi, na lori likatikisika. Ni hivyo tu. Sikuona namna ya kumpelekea mjane maneno kama hayo. Niliona ni madogo mno.

Sasa nikwambie kilichotokea. Mzee Salim alirudi. Hakuwa amepita kwetu tangu siku ile. Nilisikia alikuwa akilala Mlolongo na kupita hapa bila kusimama. Safari hii tajiri wake alikuwa amemnunulia paipu mpya, ile ya zamani ilikuwa imeanza kupasuka kwingine. Alishuka, akanishika mkono, hakuuachilia haraka. Akaniambia ile jointi yako, ile uliyoungia paipu, haijawahi kuvuja hata kidogo, Mombasa mpaka Kampala.

Nikaingia chini. Nikaiona. Ilikuwa na matope, lakini ulivyoikaza ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa nayo mbele ya macho mpaka Mzee Salim akainama kuuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa. Nikafungua nati zote mbili, nikaitoa, nikafunga paipu mpya. Yeye mwenyewe akakanyaga breki, polepole, bila kuharakisha. Kisha akaenda zake.

Jioni nilifunga kazi mapema nikampelekea Mama Linda ile jointi. Alikuwa ametoka sokoni, anapanga sukuma zilizobaki. Nilimweleza yote, pamoja na yale maneno. Halafu akauliza kama sauti yako ilikuwa ya mtu mwenye hofu. Nikamwambia hapana, ilikuwa sauti yako ya kila siku, ya mtu aliyemaliza kazi. Akaniambia ndicho alichotaka kujua tangu mwanzo, kwamba wote walikuwa wakimficha akadhani uliteseka.

Aliishika ile jointi, akaigeuza, akaifuta kwa leso. Akanirudishia.

"Hii si kitu ya nyumba," akasema. "Rudi nayo kazini."

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata lilipokuja trela la kwenda Malaba, limepasuka paipu, nilikuwa na jointi mpya kwenye sanduku na yako mfukoni. Nikafunga yako. Nilipaka sabuni, hakikutoka kiputo hata kimoja. Nilingoja machozi, nikiwa nimelala pale chini. Hayakuja. Dereva akapiga honi, nikatoka, trela likapanda kuelekea Uthiru na mimi nikaenda kunawa mikono.

Linda anaendelea vizuri. Ana meno yako yale ya mbele.

Desemba nitawaleta wote wawili Webuye, nimeshamwambia Mama Linda na amekubali. Tutasimamisha msalaba wa chuma, nitauchomelea mwenyewe. Huenda nikalia huko, au nisilie. Hata nisipolia nitakaa nawe kutwa nzima, maana huko hakuna lori linalonisubiri.

Pumzika, Wafula.

Ni mimi, Njoroge