Kikao cha Dharura Kuhusu Paa la Umeme la Mama Anésie na Kurudi Nyumbani kwa Mzee Térence

KAMATI YA KUWAJULIA HALI WAGONJWA, LIDCOMBE NA BANKSTOWN

Tarehe: Jumamosi, 14 Agosti 2021
Mahali: Kila mtu kwake, kwa Zoom, maana tumefungiwa ndani
Saa: Kiliitishwa saa nane mchana. Kilianza saa nane na dakika ishirini na tano, kwa sababu Mwenyekiti alituhutubia muda wote huo bila kufungua sauti.

WALIOHUDHURIA
Bw. Kinuthia, Mwenyekiti
Sista Chepkoech, mjumbe, muuguzi
Mama Anésie, mjumbe, mwenye nyumba inayozungumzwa, Bankstown
Koko Chibalonza, Mwandishi

MWALIKWA
Mzee Térence, mume wa Mama Anésie, kwa simu, kutoka kitandani hospitalini Westmead

HAKUHUDHURIA
Bw. Ogutu. Alipopiga simu kuomba udhuru alisema yuko ghalani kazini. Nyuma yake mtu alikuwa anatangaza mpira.

KUMB. NA. 1/8/2021: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala ndefu. Mwandishi alimkumbusha kwamba Mungu anajua tuko kwenye simu na chaji inaisha.

KUMB. NA. 2/8/2021: MZEE ANATOKA
Sista Chepkoech alieleza kwamba Mzee Térence amepona korona lakini mapafu yake bado. Anatolewa Jumanne, pamoja na mashine ya oksijeni ambayo itakula umeme mchana na usiku. Umeme ukizima, ana mtungi mmoja wa akiba, wa saa chache tu. Akauliza umeme wa pale nyumbani ukoje.

Mama Anésie alijibu kwa furaha kwamba umeme hauna shida tena. Wana paa la umeme, na kampuni ya umeme ameshaiaga, kwa fomu ya mtandaoni kwa jina la mume wake. Wanakuja kukata waya Jumatatu asubuhi.

Wajumbe walipiga makofi. Mwandishi naye alipiga.

KUMB. NA. 3/8/2021: PAA LENYEWE
Sista Chepkoech hakupiga makofi. Alisema ameshapita mbele ya nyumba hiyo mara nyingi na hajaona sola.

Mama Anésie alitoka nje na simu akatuonyesha. Hatukuona sola. Tuliona paa. Mwenyekiti aliomba asogeze, akasogeza, likawa paa kubwa zaidi. Mwandishi aliuliza yale mabamba ya kioo yako wapi, au yameibwa. Mama Anésie alieleza kwamba vigae vyenyewe ndiyo sola. Mtoto wake Anicet aliviweka mwezi wa tatu, kabla hajaenda Perth, upande wa pili wa nchi, kuendesha malori, na sasa mpaka wa majimbo umefungwa kwa korona, hawezi kurudi.

Mwandishi alisema kigae ni cha kuzuia mvua.

"Koko, hiki kinazuia mvua na kinaleta umeme."

Mwandishi aliuliza siku ya mvua kinafanya kazi gani kati ya hizo mbili.

Mwenyekiti alieleza kwamba kwao Nyahururu baba yake ana bamba moja tu juu ya banda la ng'ombe, linachaji simu za majirani wote, na bili hajawahi kuiona. Mwandishi alimuunga mkono. Kwao Bukavu, mwenye sola hana habari na kampuni. Mtaa mzima ukizima, yeye anakula akiona mifupa ya samaki.

Sista Chepkoech aliuliza betri iko wapi.

"Betri ya nini?" Mama Anésie akauliza.

"Ya kutunza umeme, mama."

"Si uko kwenye paa?"

KUMB. NA. 4/8/2021: JARIBIO
Mwenyekiti aliamua maneno yaishe na paa lijaribiwe. Jua lilikuwa limewaka, wingu hakuna. Mama Anésie aliagizwa ashushe swichi kuu kwenye kisanduku cha mita, ili umeme wa kampuni utoke na ule wa paa ubaki. Sista Chepkoech alikuwa anasema kitu, lakini Mwenyekiti alikuwa anasema juu yake.

Saa nane na dakika hamsini Mama Anésie alishusha swichi. Akatoweka kwenye kikao.

"Mke wangu yuko wapi?" Mzee Térence aliuliza.

Mwenyekiti alisema labda ni mtandao. Mwandishi alimwambia asimdanganye mgonjwa. Baada ya dakika saba Mama Anésie alirudi kwa bando la simu, anahema. Alieleza kwamba friji imenyamaza, intaneti imekufa, na hakuna taa inayowaka. "Jua liko juu ya kichwa changu, mais nyumba imekufa!"

Sista Chepkoech alimwambia apandishe swichi haraka, akapandisha, umeme ukarudi. Ndipo Sista alipopewa nafasi, kwa mara ya kwanza. Alieleza kwamba paa la namna hii limefungwa pamoja na waya wa kampuni. Waya ukifa, paa nalo linajizima lenyewe, ili umeme usirudi barabarani ukamuua fundi aliye juu ya nguzo. Bila betri na mitambo yake, wakikata waya Jumatatu wamekata na paa.

Mwenyekiti aliuliza kama ina maana paa lina umeme lakini linakataa kuutoa. Sista alisema ndiyo. Mwenyekiti aliuliza tena. Sista alisema ndiyo tena.

Mwandishi haelewi mpaka anapoandika haya. Mtu ana ng'ombe wake, anamkamua mwenyewe, halafu lazima jirani awe macho ndipo anywe maziwa? Sista alisema, "Koko, usielewe, andika tu: waya ukikatwa, Mzee hana mashine." Nimeandika.

KUMB. NA. 5/8/2021: NANI ALISHAURI
Mwenyekiti alitaka kujua nani alimwambia Mama Anésie aiage kampuni.

Mzee Térence alisema, "Ni Koko. Nilimsikia kwenye spika, alipompigia mke wangu."

Mwenyekiti alipendekeza jambo hilo lisiingizwe, tusiaibishane. Mwandishi alikataa. Iandikwe kwamba Mwandishi ndiye aliyesema, "Kata, unaogopa nini?" Shule nilikaa miaka mitatu tu, lakini kalamu yangu haifichi mtu, hata mimi.

KUMB. NA. 6/8/2021: SIMU KWA KAMPUNI
Mwenyekiti alipiga simu kampuni ya umeme, sote tukisikia. Tulichezewa muziki dakika arobaini. Kisha karani, binti mwenye sauti nzuri, alisema kukata kunaweza kusimamishwa, ila akaunti ni ya Mzee Térence na lazima aseme mwenyewe. Mama Anésie alieleza kwamba mume wake hana pumzi. Karani alisema anasikitika, ndiyo sheria. Mwandishi alimjibu kwa Kimashi, lugha ya kwao, na Mwenyekiti ameagiza yasitafsiriwe.

Mzee Térence alisema, "Niko."

Alitoa barakoa ya oksijeni. Karani alimwomba jina, akalitaja herufi moja moja. Akamwomba tarehe ya kuzaliwa. Siku, akapumzika. Mwezi, akapumzika. Karani alimwambia asiwe na haraka. Mama Anésie alitaka kumsaidia anwani, karani akasema hapana, awe yeye. Mzee alitaja namba ya nyumba, na barabara, na Bankstown. Akabakiza namba za posta. Mbili. Mbili. Tukasubiri. Sufuri. Tukasubiri sana. Sufuri.

Karani alisema waya hautakatwa, na jina lake limeingia kwenye orodha ya watu wanaoishi kwa mashine. Akauliza kama kuna jambo lingine.

Mzee hakujibu.

"Papa Anicet!" Mama Anésie aliita. "Papa Anicet!"

Mwandishi aliweka kalamu chini.

"Niko," alisema Mzee. "Ngoja nivute."

KUMB. NA. 7/8/2021: KUFUNGA
Mengineyo yaliahirishwa. Kikao kilifungwa saa kumi na dakika ishirini, baada ya Mzee kuvuta pumzi za kutosha. Karani alikuwa bado yupo kwenye simu.

Nimeyasoma, ni kweli yote, hata ya muziki:
............................ Kinuthia, Mwenyekiti

Nimeyaandika kwa mkono wangu:
............................ Chibalonza, Mwandishi