Hadithi za Nyumba Yetu Ulizoziacha Kasaji

Mwaka umetimia, Baba Nkulu, tangu ulipotutoka, na bado Kolwezi nzima inasema wewe ni wake. Sokoni wananishika mkono: "Pole, mama, tulipoteza tata yetu." Tata, baba yao! Na mimi nilikuwa nani, jirani?

Tunakukumbuka, Tata Benoît Kalumba, sauti ya kipindi cha "Wazee Waseme" kila Jumapili mchana, tangu redio ilipokuwa chumba kimoja chenye bati linalovuja. Uliwatafuta wazee waliokumbuka jinsi babu zao walivyoyeyusha shaba katika tanuru za udongo wa kichuguu, na jinsi reli ilivyofika Dilolo. Uliwapelekea chumvi na sabuni. Hukumkatiza mzee hata aliporudia jambo lile lile. Mimi nikianza habari za soko, ulikuwa umelala kabla sijafika kwenye nyanya.

Kwenye matanga yako walikuja kutoka Mutshatsha, Kasaji na Dilolo, wengine wamekaa juu ya magunia ya makaa kwenye malori. Watu nisiowahi kuwaona, na wote wanaijua nyumba yangu! Mzee mmoja aliniuliza, mbele ya mawifi wote, kama ni mimi niliyeunguza bukari, ugali wetu, siku ya kwanza nilipompikia mama mkwe. Binti yetu Joyeuse alicheka, mara ya kwanza tangu ufe. Mimi sikucheka.

Ni Mama Mushiya wa Kasaji aliyenieleza. Kwao hadithi haitolewi bure. Anayeomba anaweka yake kwanza, ya kweli, ya nyumbani kwake, ndipo mwenyeji anafungua kinywa. Na wewe uliweka. Kila kijiji ulikiachia kipande cha nyumba yetu. Kisha akaniambia, kwa upole, kwamba siku ya kumzaa Joyeuse, madaktari walipokata tamaa juu yangu, ulikaa nyuma ya jiko la hospitali ukalia mpaka mlinzi akaja kukuinua.

Baba Nkulu, mimi uliniambia hukuogopa hata kidogo. Miaka yote hii nimekufulia mashati, chozi lako sikuliona. Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Kumbe kata yenyewe ilikuwa Kasaji! Niliona wivu, nasema wazi, tena kwa bibi asiye na jino hata moja.

Nilikwenda redioni na mwanetu Nkulu. Tshibangu, fundi wenu, alitufungulia rekodi zako, moja baada ya nyingine. Wazee wanasema, wanasema, na wewe ni "Endelea, mama" na "Ndiyo, tata" tu. Alituambia hadithi zako mwenyewe ulikuwa unazikata, kwa kuwa msikilizaji hakufungua redio kwa ajili yako. Basi hazipo popote, ila vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Mzee Mukalay wa Dilolo tumemzika kabla ya Pasaka. Ulichomwekea yeye, sitakisikia tena.

Nikapanda lori kwenda Kasaji. Mama Mushiya alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa, kisha akaniuliza:

"Na weye, mama Nkulu, unaweka nini?"

Yaani nimfuate mume wangu mpaka kule, halafu nimlipie kwa huyo huyo mume wangu! Lakini niliweka. Nilimsimulia unavyokoroma wakati wa mahubiri, na unavyoficha kichwa cha samaki ili mjukuu wetu Jessica asikuombe. Akacheka mpaka akashika mbavu. Naye akanirudishia zake: ulivyozunguka nyumba ya baba yangu siku ya kuja kuniposa, ukiogopa kubisha hodi, na wimbo uliomwimbia Nkulu alipokuwa na surua, nami niko sokoni. Tulikaa hivyo siku nzima. Nilikuwa nawe, Baba Nkulu, hata njaa sikuisikia.

Jua lilipoanza kushuka alisema imebaki moja. Ni neno ulilosema juu yangu safari yako ya mwisho. Lakini ni zito, akasema, na zito linalipwa kwa zito. Akataka ulichoniambia asubuhi ile ya kufa kwako, tulipokuwa wawili tu.

Nilimtazama yule mama. Anazeeka, na sijui kama nitamkuta tena. Nilitamani neno lile kuliko kitu chochote duniani.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ile ni yangu."

Nikachukua kapu langu nikarudi Kolwezi.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi asubuhi katika parokia yetu. Wasikilizaji wako wote waje. Viti vya mbele ni vyetu.

Wanaokukumbuka: mkeo Godelieve, watoto wako Nkulu na Joyeuse, mjukuu wako Jessica, mdogo wako Kabemba na dada zako wote.

Tutakukumbuka daima, na mimi kuliko wote.