Kitanda Hakipiti Mlangoni

Baba Kijacho,

Chai iko kwenye chupa. Nguo zianue wewe, mimi sitawahi.

Asubuhi umeniambia tena kwamba tutahama mtoto akishazaliwa, ukabamiza mlango ukaenda zako. Haya. Nikatoa futi yangu ya kushonea, nikapima kile kitanda cha mtoto ulichokiunga humu chumbani wiki tatu nzima. Upana, sentimita themanini na nne. Mlango, sabini na sita! Na wewe ni fundi seremala. Nimecheka mpaka mwanao akanipiga teke.

Halafu nikashuka kuchota maji. Kurudi huku ghorofa ya nne nimepumzika mara tano, na ndoo yenyewe nusu. Kicheko kikaniisha.

~~Basi tuhame akifikisha miezi miwili.~~ Hapana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe ni hili. Nimekwenda kuchukua ufunguo wa ile nyumba tuliyoipata, isiyo na ngazi. Tunahama Jumamosi.

Bisibisi nimekuwekea juu ya kitanda. Kifungue leo. Chenyewe utakiunga tena hukohuko, lakini mgongo wangu hauna skrubu.

Mama Kijacho