Baba Yako Amekaa Jumuiya

Guta, Bunda
27 Desemba

Recho mwanangu,

Sisi wazima, na mbuzi amezaa mapacha. Unakula vizuri huko Dodoma? Nimeandika, na barua nitampa kondakta wa basi la huko ikuwahi, kwa sababu kwenye simu baba yako angenisikia.

Jumuiya ya Krismasi ilikuwa zamu ya nyumba yetu, na mimi ndiye niliongoza sala. Unamjua baba yako, jumuiya ikija huwaga anakimbilia kwa ng'ombe. Safari hii alikaa mlangoni na gambuti zake za zizini miguuni. Tulipofika kwenye maombi nikaishiwa maneno. Mara akasema, "Tumwombee Recho. Mimi ndiye nilimwambia asikanyage hapa. Arudi."

Tukaitikia, "Twakuomba utusikie." Mimi nilikuwa nalia tu.

Mama Masatu akamtania, "Baba Recho, kumbe sala unazijua!"

"Si huwaga mnapiga kelele, nawasikia mpaka zizini."

Tulicheka mpaka pilau ikapoa.

Sasa tunasali wawili kila jioni. Mwaka Mpya anataka kwenda misa, shati nimeshalifua. Kasema nisikuambie, eti anaona aibu. Njoo basi tukae benchi moja, na usimwambie nimeandika.

Ni mimi mama yako nikuombeaye,
Dorotea