Bugali wa Masanja

Segese, Alhamisi jioni. Joto la kukera. Mawingu yamejikusanya upande wa Geita tangu mchana, hayataki kunyesha wala kuondoka.

Siwezi kukaa. Nimeketi kitandani nimeinuka, nimekwenda hadi mlangoni nimerudi. Mama mwenye nyumba ya wageni ameniuliza kama tumbo linanisumbua. Hapana. Kuna neno moja nimelisema leo bila kufikiri, na sasa linanizunguka humu chumbani kama nzi.

Nianze mwanzo, labda nitatulia.

Nimeletwa huku kuangalia samaki wanaokufa. Nje ya kijiji kuna shimo kubwa la wachimba dhahabu, lile ambalo ukingo wake ulianguka masika ya mwaka juzi na kumfukia mtu mmoja, Masanja. Hawakuweza kumtoa. Shimo likajaa maji ya mvua, na mtu fulani wa ofisini kwetu Shinyanga alipopita akasema hilo ni bwawa la bure. Likapandwa sato. Hakuwauliza wanakijiji kama watakula samaki waliolelewa juu ya kaburi, na mpaka leo hakuna aliyevua hata mmoja. Ningekuwa wao, mimi pia nisingevua.

Sasa sato wanaelea. Kila asubuhi wachache. Mkuu wangu anaamini ni ugonjwa, na ameshasema nikiuthibitisha tu italetwa pampu, bwawa likaushwe mpaka chini na kumwagwa chokaa. Kesho asubuhi na mapema Landrova inakuja kunichukua mimi na jibu langu. Tangu vita vya Uganda viishe petroli ni ya kubembeleza, kwa hiyo dereva hapendi kusubirishwa, na mimi sipendi kununiwa njia nzima hadi Shinyanga.

Wiki hii nimepasua samaki mpaka mikono inanuka hata nikila. Nimefunua mashavu yao, nimekwangua magamba nikayatazama kwa hadubini, nimetafuta minyoo, nimetafuta kuvu. Hakuna kitu. Nilikasirika, kwa sababu samaki mgonjwa mimi namjua, na hawa walikuwa wazima kabisa, ila wamekufa.

Jana nikaacha kutafuta ugonjwa, nikapasua matumbo. Yamejaa ugali. Ugali wa mtama, mwekundu, umejaa hadi kooni.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, maana nilielewa. Ugali unaobaki unazama, unaoza, na kule kuoza kunamaliza hewa iliyomo majini. Kunapokaribia kucha samaki wanapanda juu midomo wazi, wanahema, na waliochoka hawashuki tena. Hakuna ugonjwa wowote. Kuna mtu anawalisha kupita kiasi, na kijiji kizima kinamjua, kikanyamaza na kuniacha nipasue samaki kama mjinga.

Leo nikawahi bwawani kabla ya jua. Nikamkuta Baba Kulwa.

Baba Kulwa ndiye aliyekuwa akichimba na Masanja, akapona. Katika nyumba hii ya wageni, chumba cha jirani, analala daktari kijana anayetafiti kinachobaki kichwani mwa watu waliookoka kwenye mashimo, naye ameshamhoji Baba Kulwa. Unalala vizuri? Nalala. Unaota ndoto mbaya? Sioti. Unashtuka ovyo? La. Daktari aliniambia kwa furaha kwamba miongoni mwa wote aliowaona, huyu ndiye mwenye nafuu. Analima, anatania watu. Kuna wengine hawawezi hata kuingia chooni wakafunga mlango.

Na kweli alinitania, akianza na salamu ya asubuhi ya Kisukuma. "Mwangaluka, Bwana Samaki. Umekuja kuwatibu au kuwachinja?"

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, huku anamega tonge kwenye sahani na kulitupa majini. Tonge kubwa, la mwanaume anayetoka kazini. Samaki wakaligombania.

Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia. Hasira yangu huamka mapema kuliko akili. Lakini alikuwa akisubiri kidogo kati ya tonge na tonge, vile mtu anavyomsubiri mwenzake amalize kutafuna. Nikamwacha pale, nikaenda kwa mkewe.

Mama Kulwa alikuwa anafagia uani. Hakuficha kitu.

"Huo ni bugali wa Masanja," alisema. "Napika mimi, kila siku. Siku ile walikuwa chini wote wawili. Njaa ikawauma, mume wangu akapanda aje achukue chakula. Anarudi na sahani mkononi, ukingo umeshaanguka."

Akaniambia pia kwamba tangu siku hiyo hajaketi kula na wanaume wenzake. Wakimwita anasema ameshiba. Kisha akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Nilirudi bwawani karibu kwa kukimbia. Nikamkuta bado yuko na sahani yake, nikamwambia ukweli wote, kwa sababu sijui kuzungusha maneno. Chakula chake kinaua samaki. Nikikitaja ofisini watamkataza kuja. Nikisema ni ugonjwa, italetwa pampu, maji yatolewe mpaka chini. Hilo la mwisho nilisema bila kumtazama.

"Mwanangu, mimi si kichaa," alisema. "Najua wanaokula ni samaki. Ila nilimwambia nakuja. Basi nakuja."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuja na hadubini yangu kutafuta minyoo, na mwenzangu amekuja na maswali yake ya usingizi, na muda wote mtu huyu alikuwa anatimiza ahadi tu.

Alibaki ameshika sahani, ugali umebaki nusu, hajui autupe au aurudishe nyumbani. Huku mwanaume hali peke yake. Wanaume huizunguka sahani moja, na chakula kisicho na wa kula naye hakijawa chakula. Sikupanga nilichofanya. Nilinawa mikono katika maji yale yale, nikaketi ukingoni, nikamega.

Ugali wa mtama siupendi hata kidogo, hunikwama. Huu ulikuwa umepoa na hauna mboga. Nikameza. Baba Kulwa akanitazama nikimega tena, na tena, kisha polepole akaketi, akanawa, akamega na yeye. Tulikula. Likabaki tonge moja. Alilitupa majini.

Tonge moja haliui bwawa. Hilo naweza kulisema ofisini mbele ya mtu yeyote: hakuna ugonjwa, pampu haihitajiki, chakula kimepunguzwa.

Nilipoinuka kuondoka aliniuliza, "Kesho?"

Nami nikajibu vile tunavyojibu sote tukiwa tunatafuta njia ya kuaga.

Nakuja.

Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo nikasikia nilichosema, na nimemwambia nani. Kati ya watu wote wa dunia hii, nimemwambia yeye. Tangu hapo sijatulia. Nimejaribu kujidanganya kwamba ni neno tu, watu hulisema kila siku na kwenda zao. Halafu namwona amesimama pale na sahani, anasikiliza njiani, mimi niko ndani ya Landrova navuta usingizi. Naogopa. Sipendi kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyo. Naogopa kwamba atasubiri, kisha atautupa wote.

Na hata nikienda kesho, keshokutwa nitakuwa Shinyanga. Nani atanawa mikono?

Sasa hivi nimetoka kumgongea daktari. Nilimsimulia habari nzima nikiwa nimesimama mlangoni, maana kukaa nimeshindwa. Alisikiliza kalamu ikiwa mkononi, akasema, "Hilo sikumuuliza." Nilidhani ataanza kuandika, na nilikuwa tayari kugombana naye. Hakuandika. Alisema yeye yuko huku mpaka mwisho wa mwezi, akauliza kama Baba Kulwa atamkubali, na aje na nini.

Nikamwambia aache karatasi, aje na njaa.

Tutatoka pamoja kabla ya jua. Dereva akifika, mama mwenye nyumba atamwelekeza bwawani. Akinuna, anune. Mimi nimesema nakuja.