Mkopo wa Nyumba Umekwisha, Mume Wangu Hajui

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana nikimweleza mtu wa karibu atanicheka au atanitangaza, na wewe angalau hunijui sura.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma huko machimboni, safari ya siku mbili kwa basi, na miaka tisa iliyopita tulichukua mkopo wa nyumba benki, wa miaka kumi na mitano, tukakubaliana kwamba yeye abaki kule kwenye mshahara mzuri mpaka deni liishe, halafu arudi afungue karakana yake hapa hapa uani na sisi tuishi pamoja kama watu wengine. Nyumba yenyewe si kasri, Shangazi, ni vyumba vitatu na jiko na uwanja mdogo nyuma, lakini kwa mtu aliyehamishwahamishwa na wenye nyumba tangu siku ya harusi, nilipokabidhiwa ufunguo nililala nao mkononi wiki nzima.

Tukaanza kujibana. Tuliuza friji nikawa nanunua maziwa ya siku kwa siku, watoto nikawanyoa mwenyewe kwa mkasi mpaka yule mkubwa akawa anakwenda shule na kofia, taa ikawaka moja tu nyumba nzima, na mwisho tukagusa hata nauli yake, kwa sababu alikuwa anakuja kila baada ya miezi mitatu, tukasema aje mara moja kwa mwaka ile nauli iingie kwenye mkopo. Wazo hilo lilikuwa langu, Shangazi, na siku niliyolitoa alinyamaza kidogo halafu akasema, "Sawa, Mhasibu." Ndivyo anavyoniita, kwa sababu yeye akituma hela mimi ndiye naipeleka benki, na kila Jumapili jioni akipiga simu neno lake la kwanza ni, "Mhasibu, tumebakiza ngapi?" nami namtajia, anacheka, nami nacheka, na hiyo ndiyo raha yangu ya wiki.

Sasa kosa langu ni hili. Hospitalini nilianza kuchukua zamu za ziada, na nyumbani nikawa napiga pasi nguo za watu, suti, mapazia, magauni ya harusi, na hela yote hiyo nilikuwa naiongeza kwenye marejesho bila kumwambia, maana karani wa mikopo alinieleza kwamba ukilipa zaidi ya kiwango cha mwezi deni lenyewe linapungua, na riba inapungua nalo, na miaka inakatika. Nilitaka nimshtukize. Yeye nilikuwa namtajia hesabu ile ile ya kwenye mkataba, huku mimi naikimbiza ya kwangu, na miezi mitano iliyopita, Shangazi, nililipa la mwisho. Karani akagonga mhuri kwenye barua, akanipa mkono, akasema, "Hongera mama, nyumba ni yenu, siku mkipata nafasi njooni wote wawili msaini mchukue hati." Nilirudi nyumbani kwa miguu nacheka peke yangu barabarani, watu wakanipisha njia wakidhani nimerukwa na akili.

Jumapili simu ikalia. "Mhasibu, tumebakiza ngapi?" Nilikuwa nimeifanyia mazoezi ile sentensi mbele ya kioo, lakini mdomo ulipofunguka nikasema, "Miaka sita." Akasema, "Haya, tutafika tu," akaniaga, nikabaki nimeshika simu kama niliyemwagiwa maji.

Kwa nini nilisema vile? Kwa sababu ya likizo yake ya mwisho. Nilisikia hodi mchana, nikatoka, kumbe ni yeye, amesimama mlangoni kwake mwenyewe na begi mkononi anabisha hodi, na kitindamimba wetu akamwambia, "Karibu, mama yupo." Hakujua swichi ya taa ya choo iko wapi, ikabidi aulize. Alikuwa na siku ishirini, akakaa kumi na mbili, akasema bosi amempigia. Na siku moja kwenye simu tulimaliza habari za mkopo mapema, nikasubiri aseme kitu, naye akasubiri niseme, tukawa tunasikilizana tunavyopumua mpaka akasema mtandao unasumbua, na mtandao haukuwa unasumbua, nilikuwa nasikia hadi mwenzake wa chumba anavyokohoa.

Shangazi, nimemkumbuka mume wangu mpaka naona aibu, mtu mzima mimi. Kuna shati lake la kazi, limetobokatoboka kwa cheche, aliliacha hapa, na mimi nalipiga pasi kila Jumamosi kana kwamba kesho atalivaa. Namtamani hata kwa vitu vya ovyo, natamani kumsikia anakohoa bafuni, natamani kumgombeza kwa kuacha viatu njiani. Lakini naogopa kwamba deni ndilo kitu pekee kilichobaki kati yetu. Sasa hivi watu wakiniuliza mume yuko wapi, nasema ni mkopo, na mimi mwenyewe nikijiuliza najijibu hivyo hivyo. Nikishasema mkopo haupo, naye asirudi, nitasingizia nini?

Hela anazotuma tangu deni liishe nimeziweka kwenye akaunti ya peke yake, Mungu shahidi, sijagusa hata senti. Ila Jumapili iliyopita ameniambia kampuni imempa mkataba mpya wa miaka mitatu, mshahara umepanda, jibu linatakiwa mwisho wa mwezi huu, akaniuliza, "Nisaini, Mhasibu? Nikisaini tutalimaliza mapema. Wewe ukisema nasaini." Nikamwambia anipe wiki mbili za kufikiri. Moja imekwisha. Nimwambie nini?

Ni mimi,
Mhasibu wa Uongo

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikatamani ungekuwa karibu nikufinye sikio.

Kwanza pokea hongera yako, maana naona zaidi ya karani hakuna aliyekupa. Mkopo wa miaka kumi na mitano umeumaliza kabla hata haijatimia tisa, kwa pasi na mashuka ya wagonjwa! Wapo wenye vyeo na tai shingoni ambao nyumba zao zimepigwa mnada. Wewe ni mwanamke wa shoka, na nitampinga atakayesema vingine.

Haya, umeshatabasamu? Sasa nisikilize. Mume wako anaungua cheche kila siku iendayo kwa Mungu, kulipa deni ambalo halipo. Hiyo si kumshtukiza tena, hiyo ni kumfunga. Miezi mitano umeshamchukulia, na mwisho wa mwezi unataka kumchukulia miaka mitatu kwa kukaa kimya tu. Usiniambie habari za senti ambazo hukugusa. Hela utamrudishia. Hiyo miezi utaitoa kwenye akaunti gani?

Eti unaogopa hatarudi. Kwani sasa hivi amerudi? Unacholinda wewe ni kisingizio, mwanangu, na kisingizio hakikohoi bafuni wala hakiachi viatu njiani. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia mwisho wa mwezi. Siku atakapokwenda mwenyewe benki kuulizia, na ipo siku atakwenda, hutakuwa na mume wala hutakuwa na uso wa kumtazama.

Na hayo ya kubisha hodi, mnayashangaa nini? Mtu anakuja kwake mara moja kwa mwaka, swichi ya choo ataijulia wapi? Mlibana friji, sawa. Mlibana taa, sawa. Mkaja mkambana na mtu mwenyewe! Umekiri wazo lilikuwa lako, na umekiri alinyamaza kidogo kabla ya kukubali. Pale pale aliponyamaza ndipo ulipotakiwa kumuuliza, "Baba, unasemaje?" Wewe ukakimbilia kupiga hesabu.

Ule ukimya wa kwenye simu nao umeupa maana moja tu, kwamba amekuchoka. Huenda ni kweli, mimi sikai kule machimboni. Lakini huenda naye alikuwa anangoja asikie neno lisilo na hesabu ndani yake. Umeniandikia mimi kwamba umemkumbuka mpaka unaona aibu. Yeye umemwambia lini? Nimepekua barua yote, sikuona. Mimi nisiyekujua sura najua habari za shati, mwenye shati hajui!

Sasa fanya hivi, na usinipunguzie hata kimoja. Usimwambie kwenye simu, hiyo simu mmeizoesha mambo ya benki. Kesho asubuhi omba ruhusa kazini ya siku sita, waambie una shida ya kifamilia, maana unayo. Watoto waachie ndugu au jirani unayemwamini, na leo leo ukakate tiketi. Nauli itoke kwenye hela zako za pasi, usiguse zake. Miaka tisa yeye ndiye amekuwa akisafiri, hebu na wewe uchoke kiuno kidogo. Bado una wiki moja, ukiondoka mapema utamkuta hajasaini. Barua ya benki yenye mhuri uibebe, na taarifa ya ile akaunti uibebe, umkabidhi mkononi.

Ukifika usianze na hadithi ndefu. Mwonyeshe barua. Mwambie ulimdanganya, tangu lini, na kwa nini, pamoja na hilo unaloliogopa. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki yake, usimkatize, na tafadhali usilie ili anyamaze. Akishapoa mwambie unamtaka nyumbani. Mwambie kwa maneno hayo hayo, bila kuzungukazunguka, na usimwekee karakana mbele wala watoto mbele. Sema unamtaka wewe.

Baada ya hapo funga mdomo. Anaweza kusema anarudi, mkaenda kusaini hati yenu bega kwa bega. Anaweza kusema mkataba bado anautaka, na hapo utaumia, sitakudanganya, safari ya kurudi utaiona ndefu. Lakini utakuwa unalilia jambo la kweli, na unarudi kwenye nyumba ambayo jina lako limo kwenye hati na hakuna wa kukuhamisha. Mimi sijui atasema nini. Na wewe hujui, ingawa miezi mitano sasa umekuwa ukimjibia. Nenda kamuulize, halafu mwache ajibu mwenyewe.