Kadi Niliyoihamisha Bila Kuandika

Thika, Ijumaa, Julai 1998

Baridi imeshika mji. Jua halijaonekana tangu asubuhi, na manyunyu yameanguka kutwa nzima bila kuwa mvua kamili. Nimevaa koti ndani ya nyumba. Chakula kiko mezani na sikitaki.

Leo nimejua kwamba nilimfukuzisha kazi mtu asiye na hatia.

Nitaandika kwa utaratibu. Mwezi wa Mei, wanafunzi wa chuo chetu walikutwa na karatasi ya mtihani kabla ya siku yake. Mimi ndiye msimamizi wa maabara ya kompyuta, kwa hiyo mkuu wa chuo aliniita akataka nimtafute aliyeitoa. Kompyuta zetu zote zimeungwa kwa waya mmoja unaopita chumba hadi chumba, na kila kinachotumwa hupita mbele ya mashine zote. Nilikaa mbele ya skrini nyeusi, nikaandika amri ya tcpdump, programu ya kunasa yanayopita kwenye waya, nikaiagiza ihifadhi kila pakiti, yaani kila kifurushi cha data kinachopita. Siku ya tatu karatasi nyingine ya mtihani ilipita, ikitoka upande wa wafanyakazi kwenda maabara ya wanafunzi.

Kila pakiti hubeba nambari ya kadi ya mtandao iliyoituma, kile kipande ndani ya kompyuta kinachoiunganisha na waya. Nilifungua daftari langu la mashine, ambamo huandika kadi ipi iko kwenye kompyuta ipi, nikaitafuta nambari hiyo. Ilikuwa ya kompyuta ya chumba cha uchapaji. Kompyuta hiyo hutumiwa na mtu mmoja tu: Bi. Nyambura, mjane, mpiga chapa wetu kwa miaka kumi na moja.

Mkuu aliniuliza kama nilikuwa na hakika. Nilimjibu kwamba binadamu husema uongo, lakini nambari ya kadi haisemi uongo. Niliona fahari niliposema hivyo.

Bi. Nyambura hakulia alipoambiwa amefukuzwa. Aliniambia, "Mwalimu, nikikataa, nani ataniamini mimi akuache wewe?" Akachukua sweta lake kwenye kiti, akachukua kikombe chake, akaenda.

Leo asubuhi kompyuta ya chumba cha walimu ilikataa kuwaka. Niliifungua. Juu ya kadi yake kulikuwa na kipande cha karatasi chenye mwandiko wangu: Uchapaji.

Nikakumbuka. Wakati wa likizo ya Aprili kadi ya chumba cha walimu iliharibika, na walimu walikuwa wakilalamika kwamba hawawezi kuchapisha matokeo. Niliitoa kadi ya Bi. Nyambura nikawapachikia wao, yeye nikamwekea mpya wiki iliyofuata. Nilikusudia kuandika badiliko hilo daftarini. Sikuandika. Mimi, niliyewahi kumtoa mwanafunzi nje ya maabara kwa kuacha mstari mmoja wazi katika daftari lake.

Aliyetuma mtihani sitamjua kamwe. Mashine ile hutumiwa na kila mwalimu, nami nikiwemo. Pakiti ziliniambia ukweli. Nilizisoma kwa daftari bovu.

Nilikwenda kwa mkuu kabla ya chai ya saa nne. Alinisikiliza huku akipanga karatasi zake. "Mzee, hayo yalishaisha," alisema. "Umebakisha miezi mitatu ustaafu. Ukiyafukua, bodi itaanza na wewe."

Nilifunga maabara, nikaenda Ruiru, nikaulizia anakoishi Bi. Nyambura hadi nikafika Mwihoko.

Nilimkuta ameketi mlangoni pa chumba anachopanga, akikatakata sukuma wiki ya kuuza. Nilivua kofia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kukata.

"Kwa hivyo ilikuwa ni kadi," alisema.

"Ilikuwa ni mimi."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Ngai, Mungu wangu. Na vile ulikuwa unatusumbua na hilo daftari lako."

Nilimwambia nitaomba arudishwe kazini. Alitikisa kichwa. "Kazi sitaki. Watakuwa wakiangalia mkoba wangu kila jioni nikitoka." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Habari ilifika kanisani kwake kabla ya mwezi kwisha. Kina mama wa kwaya walimwomba apumzike kwanza. Tangu hapo hukaa benchi la nyuma, na mama mkwe wake, ambaye husali papo hapo, hamsalimu.

"Wewe kuja Jumapili, Mwalimu," alisema. "Wakati wa matangazo. Usimame uwaambie, vile ulisimama ukaambia mkuu."

Nilimwahidi. Alinifungia sukuma wiki kwenye gazeti, na alikataa pesa zangu. Hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Jioni hii nimeandika tangazo mara tatu. La kwanza lilijaza kurasa mbili: waya, pakiti, kadi, chumba cha walimu. Nilipolisoma niliona kwamba nilikuwa ninajificha nyuma ya mashine, nikalichana. La pili lilitaja likizo ya Aprili na wingi wa kazi zangu. Nimelichana pia.

Hili la tatu ni fupi. "Bi. Nyambura hakutoa mtihani. Mimi nilimshtaki bure, kosa ni langu mwenyewe, na nimekuja kumwomba radhi mbele yenu." Nakala yake itakwenda kwa bodi Jumatatu, nao waanze na mimi wakitaka.

Nimefundisha miaka mingi, na sikumbuki siku niliyosimama mbele ya watu kusema nimekosa. Sijui kama nitaweza kuyasoma maneno haya bila kuinamisha macho.

Nitayasoma.